Sikio lilitangulia mdomo: vilio vya wanyama na chanzo cha lugha yetu

Mleta mada

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye nafasi akae.

Kule Amboseli, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, tumbili wana milio ya hatari inayotofautiana kulingana na adui. Chui ana mlio wake, tai ana wake, nyoka ana wake. Thomas Struhsaker aliieleza milio hiyo mwaka 1967, na miaka kumi hivi baadaye Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakaenda kuipima. Waliirekodi, wakaficha spika kichakani, wakasubiri saa ambayo hakuna chui, tai wala nyoka karibu, kisha wakaicheza. Ulipotoka mlio wa chui, tumbili waliokuwa chini walikimbilia mitini. Wa tai uliwafanya watazame juu na kujitupa vichakani. Wa nyoka uliwasimamisha kwa miguu miwili, wakawa wanachungulia nyasi. Matokeo yalitoka mwaka 1980 na yanabishaniwa hadi leo.

Ubishi wenyewe ni huu. Wapo wanaosema tumbili ametamka neno, na kwamba hapo ndipo mbegu ya lugha ilipo. Wapo wanaosema hakuna neno lolote, ni hofu imemtoka mnyama bila yeye kupenda, kama ambavyo wewe ukikanyaga kaa la moto hupangi kupiga ukelele. Nimekuwa nikifuatilia pande zote mbili kwa muda mrefu, na leo nataka kusimama mahali pamoja ili mnipinge: wote wanamtazama sana anayelia na kumsahau anayesikia.

Mlio unaweza kutoka kwa hofu tupu na bado ukabeba habari kamili. Ikiwa hofu ya chui hutoa sauti ya namna moja siku zote, na hofu ya tai hutoa nyingine, msikilizaji hahitaji mliaji awe na nia ya kumweleza kitu. Anaunganisha mwenyewe. Na kazi hiyo ya kuunganisha inahitaji akili nyingi kuliko kazi ya kulia.

Sasa njooni Gombe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alianza kazi pale mwaka 1960. Katika maandishi yake ya mwaka 1986 anasema kwamba kutoa sauti bila kuwa na hisia inayoendana nayo ni jambo ambalo sokwe karibu haliwezi kabisa. Mfano wake ni Figan, dume lililokuwa bado barobaro. Siku moja Figan alibaki nyuma kambini wakubwa walipoondoka, akapewa ndizi. Furaha ikampanda, akapiga kelele za chakula, madume makubwa yakarudi mbio na ndizi zikaenda. Siku chache baadaye alibaki tena, akapewa tena. Safari hii hakupiga kelele, lakini sauti ilisikika ndani kabisa ya koo lake, nusura imkabe.

Mfikirieni huyo Figan. Anajua kelele zitamponza. Anajua nani atasikia na nini kitafuata. Akili ipo, mpango upo. Kinachokosekana ni mkono wake juu ya sauti yake mwenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipo na pengo kati yetu na wao, na yeyote anayetafuta chanzo cha lugha aanzie kwenye koo la Figan.

Karibuni.

Mfugaji wa Kondoa

Mkuu, heshima yako. Mimi sijasoma hayo ila nina kuku na nguruwe. Kuku mwenye vifaranga akimwona mwewe, sauti anayotoa si ile ya kumwona paka au kicheche. Ya mwewe ni ndefu na nyembamba, vifaranga wanajificha. Ya paka ni ya kukatakata, kelele nyingi, na kila kuku anainua shingo. Mtoto wa miaka sita hapa nyumbani akisikia anajua atoke na fimbo au atazame juu. Je, hiyo nayo imeandikwa na wataalamu?

Mleta mada

Imeandikwa sana, na tena na Marler yuleyule wa tumbili. Yeye na wenzake walionyesha kwamba jogoo ana mlio wa adui wa angani na mlio wa adui wa ardhini. Wakaonyesha tena, miaka ya 1980, kwamba jogoo akipitishiwa kivuli cha mwewe akiwa peke yake mara nyingi hunyamaza, na akiwa na kuku mwenzake karibu hulia zaidi. Kwa hiyo hata kuku, ambaye tunamdharau, hofu yake haimwagiki ovyo. Aliye karibu anabadilisha kama itoke au ibaki ndani.

Na hilo la mtoto wako lina uzito kuliko unavyodhani. Mwaka 2017 Piera Filippi na wenzake waliwapa watu rekodi za viumbe tisa wa nchi kavu: chura, mamba wa Marekani, kunguru, nguruwe, panda, tembo na wengineo, mpaka binadamu wanaosema Kitamili. Wasikilizaji walikuwa wasemaji wa Kiingereza, Kijerumani na Kichina. Swali lilikuwa moja: katika sauti hizi mbili, ipi imetoka kwa kiumbe aliyehemkwa zaidi? Walipatia kwa kila kiumbe, hata chura. Walichokifuata masikioni hasa ni wembamba wa sauti.

Kuhusu nguruwe, mwaka 2022 Elodie Briefer na timu yake walikusanya milio 7,414 kutoka kwa nguruwe 411, tangu kuzaliwa hadi kuchinjwa. Kompyuta iliweza kutenganisha milio ya raha na ya shida kwa asilimia 92. Ya raha huwa mifupi. Sikiliza banda lako ukiwapelekea chakula, halafu sikiliza unapomkamata mmoja mguu.

Mpinzani wa Hoja

Mleta mada, umeandika vizuri ila sijaridhika. Kama ni hofu tu, hofu ni moja. Iweje hofu moja itoe milio mitatu? Lazima ndani ya kichwa cha tumbili kuna picha ya chui na picha ya tai. Hilo ni neno, utake usitake.

Mleta mada

Nashukuru umelileta, maana ndipo hoja yote inapokazwa.

Kwanza, hofu si moja. Hofu ya kitu kinachoshuka kwa kasi kutoka juu na hofu ya kitu kilicholala kwenye nyasi zinautuma mwili kufanya mambo mawili tofauti. Mwaka 1977 Eugene Morton aliandika kuhusu ndege na mamalia akionyesha utaratibu unaojirudia: mwenye hasira hutoa sauti nzito yenye mikwaruzo, mwenye woga au anayejisalimisha hutoa sauti nyembamba iliyo safi. Mwili ukibadilika, koo hubadilika, sauti hubadilika. Kwa njia hiyo hisia peke yake inaweza kuzaa milio mingi.

Pili, mwaka 2015 rekodi za tumbili zilichambuliwa upya kwa kompyuta, na Seyfarth na Cheney wenyewe wakiwa miongoni mwa waandishi. Iliyodhihirika ni kwamba baadhi ya milio ile inafanana sana na sauti wanazotoa wakigombana wao kwa wao. Tumbili anayepigana na jirani hamtaji chui. Ila mhemko wake uko jirani na wa yule aliyeona chui.

Tatu, na hili ndilo lililonibadilisha mimi: mwaka 2019 Julia Fischer na wenzake walirusha droni juu ya tumbili wa kijani nchini Senegal. Hawa ni ndugu wa tumbili wetu wa Afrika Mashariki, nasaba zao ziliachana zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita. Droni hawakuwahi kuiona. Walipoiona walitoa mlio ambao hawakuwa wakiutumia kwa chui wala nyoka, na ulipopimwa ulifanana mno na mlio wa tai wa tumbili wa Kenya. Mlio ulikuwepo tayari, umelala, ukisubiri kitu cha kuutoa. Baadaye watafiti wakawachezea sauti ya droni peke yake, na baada ya kuikuta mara moja tu wanyama wale walishajua: walitazama juu, wakatimka.

Umeona mgawanyo? Upande wa mdomo, urithi wa mamilioni ya miaka ambao haubadiliki. Upande wa sikio, somo limeingia kwa kukutana nalo mara moja. Picha ya chui unayoisema ninaikubali, mkuu. Ninachokataa ni kwamba imekaa mdomoni. Imekaa kwa msikilizaji.

Hata watoto wa tumbili wa Amboseli wanalionyesha hili. Mtoto hulia mlio wa tai akiona ndege yeyote, pengine hata jani linaloanguka. Mlio wenyewe unafanana na wa wakubwa tangu mapema. Anachojifunza ni wapi uhusike, na wakubwa walioona tai wa kweli wakilia baada yake, anapata uhakika.

Mtu wa Kigoma

Mimi nimelelewa huku ziwani na nawaheshimu sana sokwe, kwa hiyo niseme kidogo kwa niaba yao. Hapo juu umewafanya kama wafungwa wa koo zao. Gombe hiyohiyo madume yakienda kukagua mpaka wa eneo lao hutembea kimya muda mrefu, hayapigi kelele hata yakikuta matunda. Hao si wafungwa.

Mleta mada

Ni kweli kabisa na nakushukuru kwa kuwatetea. Kuzuia sauti wanaweza, kwa jitihada. Na kuna ushahidi mzuri zaidi kutoka Uganda, msitu wa Budongo. Catherine Crockford, Roman Wittig na wenzao waliweka nyoka wa bandia kwenye njia za sokwe. Sokwe aliyemwona nyoka alilia zaidi pale waliokuwa wanakuja walipokuwa hawajamwona nyoka wala hawajasikia onyo. Kama wenzake walishajua, alipunguza. Utafiti huo ni wa mwaka 2012. Mwaka uliofuata, katika msitu huohuo, wengine walitumia chatu wa bandia wakakuta kwamba anayelia humgeukia mwenzake, humtazama, hurudisha macho kwa nyoka, na huendelea mpaka mwenzake awe salama.

Kwa hiyo hofu ya sokwe ina mlango, na mlango una bawabu. Bawabu anaweza kuufunga au kuufungua akitazama nani yuko nje. Kile ambacho sijaona kwa sokwe yeyote wa porini ni kuitumia sauti ya nyoka siku ambayo hakuna nyoka wala hofu, wakikaa jioni, kueleza habari za nyoka wa jana. Sisi tunaitamka hapa, tumekaa salama, mapigo ya moyo yametulia. Hilo ndilo linalotaka maelezo.

Nesi mstaafu

Nimefanya kazi na wagonjwa wa kiharusi miaka mingi. Naomba niulize kitu kilichokuwa kikinisumbua wodini. Mgonjwa hawezi kusema hata jina la mwanawe. Ukimuuliza anakaza uso, hakuna kinachotoka. Lakini akichekeshwa anacheka vizuri, akilia analia kwa sauti yake, na wengine wakiumia ghafla hutoka neno zima, "Mungu wangu!" au tusi kamili. Ndugu walikuwa wanadhani anajifanya. Nilikuwa nawaeleza ni ugonjwa lakini sikuwa na maelezo ya kutosha.

Mleta mada

Mama, shikamoo. Umeleta ushahidi mkubwa kuliko wote hapa.

Sauti ya binadamu ina njia mbili za kutokea. Njia ya kale inaanzia sehemu za ndani za ubongo zinazoshughulika na hisia, inapita kwenye ubongo wa kati, inashuka kwenye shina la ubongo hadi kwenye misuli ya pumzi na ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni. Kicheko, kilio, mguno wa maumivu, vyote vinapita huko. Mjerumani Uwe Jürgens alitumia miaka mingi kuichora njia hii kwa kima wa Amerika Kusini: ukigusa ubongo wa kati kwa umeme kidogo, mlio wa kawaida wa mnyama unatoka. Ukiharibu gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, sehemu ya uso na koo, kima anaendelea kulia kama zamani.

Njia ya pili kwetu inatoka kwenye gamba la ubongo na kufika moja kwa moja kwenye seli za neva zinazoongoza zoloto. Kwa kima waliochunguzwa, kiungo hicho cha moja kwa moja hakipo. Hiyo ndiyo njia ya maneno, na kiharusi cha upande wa kushoto mara nyingi huharibu sehemu za ubongo zinazoiongoza. Mgonjwa wako alipoteza uongozi wa njia mpya, ya kale ikabaki. Yule mgonjwa maarufu wa daktari Mfaransa Paul Broca, mwaka 1861, aliyebaki na silabi moja tu, "tan", naye alikuwa akiapa kwa Kifaransa kilichonyooka akikasirika. Hakuwa anajifanya, na wa kwako hawakuwa wanajifanya. Natamani kila ndugu wa mgonjwa wa kiharusi aambiwe hili siku ya kwanza, kwa sababu kumshuku mtu anayeteseka namna hiyo ni kumwongezea mzigo.

Na hapo pia utaelewa kwa nini Viki, sokwe aliyelelewa nyumbani na Keith na Catherine Hayes nchini Marekani kuanzia mwaka 1947, aliishia maneno manne tu baada ya mafunzo ya miaka, tena kwa taabu, karibu kwa pumzi tupu. Zamani ilisemwa koo lake halina umbo la kusema. Mwaka 2016 Tecumseh Fitch na wenzake walipiga picha za eksirei za kima wakila, wakipiga miayo na kutoa sauti, wakakokotoa sauti ambazo mdomo ule ungeweza kutoa. Irabu za kutosha lugha zilikuwemo. Chombo kipo. Waya wa kukiongoza ndio haupo.

Mwana wa Voi

Sisi huku kwetu kuna ndovu. Niliwahi kusikia habari ya ndovu wa Tsavo aliyekuwa akiiga malori ya barabara kuu. Ni kweli ama ni porojo?

Mleta mada

Ni kweli. Aliitwa Mlaika, jike la miaka kama kumi, yatima aliyekuwa akilelewa Tsavo. Usiku alilala zizini kilomita tatu hivi kutoka barabara ya Nairobi hadi Mombasa, na baada ya jua kuzama alikuwa akitoa sauti ambayo si ya tembo hata kidogo, ni ya lori likiwa mbali. Joyce Poole na wenzake waliipima na kuichapisha mwaka 2005.

Mlaika ni muhimu kwa sababu hakuna hisia ya tembo inayofanana na lori. Alisikia, akaiga. Uwezo huo wa kuunda sauti mpya kutokana na ulichosikia ni adimu: kasuku, ndege waimbao, nyangumi na pomboo, popo, sili, tembo, sisi. Ndugu zetu wa karibu, sokwe na kima, wana kidogo sana. Ajabu ni kwamba tembo ambaye si jamaa yetu ana sehemu ya uwezo tulionao, na sokwe aliye jamaa yetu ana kidogo sana.

Na masikio yao! Huko Amboseli, Karen McComb na wenzake waliwachezea tembo sauti za wanaume wa Kimaasai na wa Kikamba, wanawake wa Kimaasai na wavulana, wote wakisema kwa lugha zao kwamba kundi la tembo linakuja. Kwa sauti ya mwanamume wa Kimaasai, tembo walijikusanya na kunusa hewa zaidi kuliko kwa nyingine zote. Ilichapishwa mwaka 2014. Wanaume wa Kimaasai ndio ambao mara nyingine hukabiliana nao kwa mikuki. Tembo hasemi Kimaasai wala Kikamba, lakini anasikia nani anamhusu. Sikio limetangulia tena.

Abu wa Tanga

Assalaam alaykum. Qur'ani inasema Adam alifundishwa majina yote, na Suleiman alifundishwa usemi wa ndege. Sioni haja ya kutafuta lugha kwenye koo la nyani.

Mleta mada

Wa alaykum salaam, sheikh. Aya hizo nazijua na naziheshimu, na sikuja kubishana nazo. Mimi nauliza swali dogo zaidi: mwili wa anayefundishwa majina unahitaji kuwa na nini ili aweze kuyatamka? Hilo tunaweza kulichunguza kwa pamoja, kila mtu na imani yake.

Mama wa Kwanza

Nimesoma yote nikinyonyesha. Mwanangu ana miezi minne. Je, kilio chake ni cha kima au cha mtu? Na kuna vile visauti anavyotoa akiwa amelala chali peke yake, anakoroma, anapiga kelele nyembamba, wala halii wala hacheki. Vile ni nini?

Mleta mada

Hongera sana, mama. Kilio chake ni cha njia ya kale, ingawa tayari kina rangi ya nyumbani. Kathleen Wermke na wenzake walirekodi watoto wachanga 60, nusu wa Ufaransa, nusu wa Ujerumani, wakiwa na siku chache tu tangu kuzaliwa. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda mwishoni, vya Wajerumani vilielekea kushuka, kama lugha za mama zao zinavyofanya. Walikuwa wamesikiliza tumboni. Hiyo ni ya mwaka 2009.

Lakini hivyo visauti vya kulala chali ndivyo ninavyovipenda kuliko kitu kingine katika mada hii yote. Mwaka 2013 Kimbrough Oller na wenzake walionyesha kwamba katika miezi ya mwanzo mtoto hutoa sauti tatu hasa: ya kama irabu, ya kukoroma, na ile nyembamba ya kupiga kelele. Kila moja huitumia akiwa na furaha, akiwa ametulia, na akiwa amekasirika. Kilio hakifanyi hivyo, kicheko hakifanyi hivyo. Hivyo vimefungwa kwenye hisia zao. Mtoto wa miezi mitatu au minne, kabla hajajua neno lolote, tayari ameifungua sauti kutoka kwenye hisia na anaichezea. Figan na ndizi zake hakuweza.

Kwa nini kwetu ilifunguka, hapo nina dhana tu, si uhakika. Mtoto wa binadamu huzaliwa hoi na hulelewa na wengi. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watafiti wameandika jinsi bibi, dada na wengine wanavyompokea mtoto mikononi. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kuwashika watu wengi kwa sauti, hata wakati hana njaa wala maumivu. Kulia kila mara kunawachosha. Kucheza na sauti kunawafurahisha, nao wanajibu.

Mpinzani wa Hoja

Hiyo ya mwisho naiona ina nguvu kuliko zote. Ila bado hujaniambia maana iliingiaje kwenye visauti hivyo. Sauti huru bila maana ni muziki tu.

Mleta mada

Ndiyo, na Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi, mwaka 1871 alidhani hivyo hasa, kwamba wimbo ulitangulia neno. Maana, nadhani, ilikuwa tayari inasubiri kwa wasikilizaji, kwa sababu masikio yalikuwa yanafanya kazi hiyo tangu enzi za tumbili. Kilichokuwa kinakosekana ni mdomo ulio huru kuwapa vitu vipya vya kuunganisha.

Mama wa Kwanza

Nimemsikiliza jioni hii kama ulivyosema. Ile ya kukoroma aliitoa akichezea kitambaa, anatabasamu. Baadaye nilipochelewa kumbeba akaitoa ileile, uso umekunjamana. Nimezirekodi zote mbili kwenye simu.

Mleta mada

Zihifadhi, na uandike pembeni alikuwa katika hali gani kila mara. Akifika miezi saba au nane ataanza silabi, ba-ba, ma-ma. Uzilete hapa tuzilinganishe.